Kukwama au Kusukumana? Mwongozo wa Kuzisoma Elektroni Ndani ya Waya Mwembamba wa Silikoni

Ukipoza waya wa shaba, ule ule wa kufungia soketi nyumbani, ukinzani wake hushuka. Fundi yeyote wa stima anaweza kulikisia hilo: joto huzitikisa atomi, na atomi zikitulia elektroni hupita kwa urahisi. Sasa chukua mfereji wa silikoni wenye upana wa nanomita 100 ndani ya transista, uupoze hadi kelvini chache, karibu na baridi ya mwisho kabisa. Ukinzani utashuka, utafika mahali, kisha utaanza kupanda tena, na kadiri unavyozidi kupoza ndivyo unavyozidi kupanda.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kujua kwa nini unapanda. Sababu ni mbili, hutokea pamoja, na kwenye grafu zinafanana kama mapacha. Ya kwanza naiita kukwama: wimbi la elektroni linanaswa na mwangwi wake lenyewe kutoka kwenye kasoro za waya. Ya pili naiita kusukumana: elektroni zina chaji ya aina moja, zinakimbiana, na kwenye waya uliojaa kasoro zinashindwa kupishana upesi. Anayezichanganya hizi mbili atatoa majibu yasiyo na maana hata kama vipimo vyake ni safi. Nimewaona wanafunzi wa fizikia hapa Nairobi, vijana wenye akili kali, wakipoteza muhula mzima kwa kosa hilo moja, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Kwa hatua nne za kwanza unahitaji kikokotoo na laptopu yoyote inayofungua majedwali. Heliamu ya kupozea na sumaku zinaingia hatua ya tano na kuendelea, na hata kama maabara yako haina, utaweza kusoma vipimo vya wengine kwa jicho la mtu anayejua cha kutafuta.

Hatua ya 1: Toa jemu kichwani

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kwa hivyo elektroni imekwama kama matatu kwenye jemu ya Thika Road?" Nikamwambia autoe mfano huo kabla haujaota mizizi. Matatu kwenye jemu imezuiwa na gari lililo mbele yake. Ondoa magari mengine yote na itapita. Elektroni aliyoieleza Philip Anderson mwaka 1958, kazi iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1977, imekwama peke yake, barabara ikiwa tupu, saa nane za usiku.

Kinachoikwamisha ni uwimbi wake. Kila kasoro njiani, iwe atomi ngeni, chaji iliyonaswa ndani ya oksaidi (tabaka la kuhami umeme juu ya silikoni), au ukingo wa mfereji ulioparuzika, hurudisha nyuma sehemu ndogo ya wimbi. Mwangwi mmoja hauna madhara. Miangwi elfu moja ikijumlika, wimbi linabaki limejikunja sehemu moja ya waya na kufifia kila upande. Kwenye mstari mmoja hakuna pa kupitia kando, na Mott na Twose walionyesha mwaka 1961 kwamba hapo hata kasoro ndogo sana zinatosha, mradi waya uwe mrefu vya kutosha na baridi iwe kali.

Kuna namna ya kuona mwanzo wa kukwama kabla haujakamilika. Simama mbele ya Bustani ya Jeevanjee upande wa Moi Avenue. Watume watu wawili waizunguke bustani kufuata ua, mmoja kwa kulia, mwingine kwa kushoto, hatua zao zikiwa sawa. Watarudi pale uliposimama kwa wakati mmoja. Elektroni, kwa kuwa ni wimbi, hupita njia zote mbili kwa pamoja, na mawimbi hayo mawili yakirudi huwa yamelingana, kilele kwa kilele na bonde kwa bonde. Matokeo yake ni kwamba uwezekano wa elektroni kurudi ilikoanzia ni mara mbili ya ule ambao ungeupata kwa hesabu ya mipira inayogongana. Elektroni zinazorudi ni mkondo usiofika. Huu ndio ukwamaji hafifu, na tutaurudia kwenye hatua ya 6.

Kusukumana ndiko kunakokaribia jemu. Mwaka 1979 Altshuler na Aronov walionyesha kwamba elektroni zinazotembea kwa kupepesuka kati ya kasoro hukaa karibu na jirani zao kwa muda mrefu kuliko zinazokwenda moja kwa moja, kwa hiyo msukumo kati yao unapata muda wa kufanya kazi. Nafasi za nishati karibu na kiwango cha Fermi (nishati ya elektroni za juu kabisa), zile zinazobeba mkondo, zinapungua.

Hatua ya 2: Jenga waya kwenye jedwali

Fungua Excel, au LibreOffice ambayo ni ya bure. Waya wetu ni mstari wa atomi, na elektroni inaruka kutoka atomi moja hadi jirani yake. Safu ya A itabeba kasoro, yaani nishati ya kila atomi iliyookotwa kwa bahati nasibu. Safu ya B itabeba ukubwa wa wimbi.

Kwenye seli A2 andika =RAND()-0.5. Kwenye B1 weka 0 na kwenye B2 weka 1. Kwenye B3 andika =(0.5-A2)*B2-B1. Nakili A2 na B3 kushuka hadi mstari wa 10002. Umemaliza: huo ni waya wa hatua 10,000, na hiyo fomula fupi ya B3 ndiyo mlinganyo wa Schrödinger kwa mstari wa atomi. Ile 0.5 ndani ya mabano ni nishati ya elektroni, ikipimwa kwa nguvu ya kuruka kati ya atomi jirani. Nimeikwepa sifuri makusudi, kwa sababu katikati kabisa ya bendi, yaani ya nishati zote ambazo wimbi linaweza kuwa nazo, kuna upekee unaourefusha kidogo urefu wa kukwama na utakutatiza ukianza kulinganisha na fomula.

Usiamini kitu bado. Futa kasoro kwa muda: weka 0 kwenye safu nzima ya A. Namba za safu ya B sasa zinapaswa kupanda na kushuka kama mawimbi ya ziwa, bila hata moja kuvuka 1.04 juu wala chini. Zikikua, kuna kosa kwenye B3, mara nyingi ishara ya kujumlisha imewekwa mbele ya B1 mahali pa kutoa. Waya usio na kasoro haukwamishi chochote, na jedwali lako lazima likubaliane na hilo kwanza.

Rudisha kasoro, kisha shuka hadi mwisho wa safu ya B. Utakuta namba kubwa ajabu, 10 kwa kipeo cha 48 hivi, mara nyingi kati ya 40 na 56. Hapa ndipo wengi hushtuka: wimbi limekua, mbona unaniambia limekwama? Tulianza kwenye ncha moja na kulilazimisha suluhisho litembee hadi ncha ya pili. Likikua hivyo kuelekea huko, ina maana kwamba ili uwe na wimbi la kawaida kwenye ncha ya mbali, lile la ncha ya karibu litakuwa dogo kupita kiasi. Wimbi linaloingia upande mmoja hufika upande wa pili likiwa limefifia kwa kiwango hicho hicho.

Kwenye D1 andika =LN(MAX(ABS(B10002),ABS(B10001))). Nimechukua iliyo kubwa kati ya namba mbili za mwisho kwa sababu wimbi linaweza kuwa linakatiza sifuri pale pale ulipokoma. Usijaribu kuzipiga kipeo cha pili na kuzijumlisha, hata kama vitabu huandika hivyo. Ukija kuongeza kasoro namba itavuka 10 kwa kipeo cha 308, mwisho wa uwezo wa programu hizi, na seli itakurudishia ujumbe wa kosa.

Sasa gawanya 10,000 kwa D1. Hilo jibu ndilo urefu wa kukwama, ukihesabiwa kwa nafasi kati ya atomi. Kwa kasoro ndogo, fomula yake ni 24 mara (4 − E²), kisha gawa kwa W², ambapo E ni nishati na W ni upana wa kasoro. Kwa E ya 0.5 na W ya 1 unapata 90, kwa hiyo D1 inapaswa kuzunguka 111. Bonyeza F9 na waya mpya unazaliwa. D1 itarukaruka, 98, 119, 107, na mrukoruko wa takriban 10 juu au chini ni halali kabisa. Andika majibu ya nyaya 30, uchukue wastani, na utaikaribia 111 kwa tofauti ya 2 hivi.

Badilisha safu ya A iwe =(RAND()-0.5)*2. Kasoro zimezidi mara mbili, urefu wa kukwama utapungua karibu mara nne, hadi 22 au 23. Ukitaka kwenda W ya 3, fupisha waya uwe hatua 5,000 (na D1 isome namba mbili za mwisho mpya), la sivyo utagonga ule ukuta wa 308.

Nimelikalia jedwali hili muda mrefu kwa sababu bado sijaona njia nyingine inayomfanya mtu aamini. Unaweza kusoma kurasa mia za kukwama na ukabaki na shaka. Ukishaziona namba zikikua mbele ya macho yako kwa kasoro ndogo kiasi hicho, huku unajua kwamba bila kasoro hazikui kabisa, shaka inaisha.

Hatua ya 3: Chukua wastani wa logi

Fupisha waya hadi hatua 450, yaani mara tano ya urefu wa kukwama, ukiwa umerudisha W kwenye 1. Sehemu ya wimbi inayopenya ni takriban e kwa kipeo cha hasi mara mbili ya D1. Wastani wa kipeo hicho utakuwa karibu na −10, lakini mtawanyiko wake ni kama 4.5. Ukiitoa logi, 4.5 ni mara 90. Kwa maneno mengine, nyaya mbili zilizotengenezwa siku moja kwa mapishi yale yale zinaweza kupishana upitishaji mara mia.

Kwa hiyo ukichukua wastani wa upitishaji wenyewe, nyaya mbili au tatu zenye bahati zitaimeza hesabu yote. Chukua wastani wa logi kila mara. Na ukipewa kipimo cha waya mmoja tu uliokwama, usijenge nadharia juu yake.

Hatua ya 4: Uujue waya wako kwa urefu

Waya halisi hauna mstari mmoja wa atomi. Una njia kadhaa zinazokwenda sambamba, na elektroni inaweza kuhama kutoka moja hadi nyingine. Kabla ya kupima au kusoma grafu yoyote, kokotoa urefu wake wote na uuandike kwenye karatasi moja. Nitafanya mfano mmoja hadi mwisho.

Mfereji wa silikoni: upana nanomita 100, urefu mikromita 2, elektroni 2×10¹⁶ kwa kila mita ya mraba, na mobiliti, yaani wepesi wa elektroni kusukumwa na umeme, mita za mraba 0.2 kwa volti-sekunde. Anza na ukinzani wa mraba mmoja: 1 gawa kwa idadi, chaji na mobiliti, unapata omu 1,560. Waya wako una miraba 20, kwa hiyo omu 31,000 hivi.

Namba ya wimbi ya Fermi (mara mbili ya pai, gawa kwa urefu wa wimbi la elektroni za juu kabisa) ni 2.5×10⁸ kwa mita, ukikumbuka kwamba silikoni kwenye mfereji kama huu ina mabonde mawili ya nishati, yaani makundi mawili ya hali zenye nishati sawa. Izidishe kwa upana na ugawe kwa pai: njia 8 kwa kila bonde, jumla 16. Umbali ambao elektroni husafiri kabla ya kugonga kasoro ni nanomita 33. Kipimo cha usambaaji, D, ni mita za mraba 0.0025 kwa sekunde.

Sasa urefu wa kukwama. David Thouless alionyesha mwaka 1977 kwamba waya mwembamba huanza kukwamisha pale ukinzani wake unapofika omu elfu kumi na kidogo, bila kujali umetengenezwa kwa nini. Tumia omu 12,906, ambayo ni nusu ya omu 25,812.8, kipimo cha asili kinachotokana na h, namba ya Planck, gawa kwa e², ambapo e ni chaji ya elektroni. Kwa omu 1,560 kila mraba, unafika hapo baada ya miraba 8.3, yaani mikromita 0.83. Ukikisia kwa njia nyingine, idadi ya njia mara umbali wa kugonga, unapata mikromita 0.53. Hesabu hizi mbili zinapishana na hilo lisikusumbue, zote ni makadirio. Kumbuka tu kwamba urefu wa kukwama uko kati ya nusu mikromita na moja.

Bado mbili. Urefu wa joto ni kipeuo cha pili cha ħD gawa kwa kT (ħ ni h gawa kwa mara mbili ya pai, k ni namba ya Boltzmann, T ni halijoto), na ndio unaotawala kusukumana. Kwa waya wetu ni nanomita 67 kwenye kelvini 4.2, nanomita 138 kwenye kelvini 1, na nanomita 252 kwenye kelvini 0.3. Wa mwisho ni urefu wa kumbukumbu: umbali ambao elektroni inasafiri kabla ya kusahau fezi ya wimbi lake, yaani mahali lilipo kati ya kilele na bonde. Huo haukokotolewi vizuri kwa karatasi, unapimwa kwa sumaku.

Ziangalie tena zile namba za urefu wa joto. Kwenye kelvini 4.2, nanomita 67 ni chini ya upana wa mfereji. Kwa habari ya kusukumana, waya wako bado ni bapa kama karatasi. Ni chini ya kelvini 2 hivi ndipo urefu wa joto unapozidi upana, na kusukumana kunakuwa kwa waya kweli. Kukwama, ambako hutawaliwa na urefu wa kumbukumbu, huenda kumeshakuwa kwa waya tangu kelvini 4. Kwa hiyo waya mmoja, kwenye halijoto moja, unaweza kuwa mwembamba kwa jambo moja na mpana kwa jingine. Nakuomba usome aya hii mara mbili.

Hatua ya 5: Usizipashe elektroni joto

Kipimajoto kikisema kelvini 1, hicho ni kipimo cha kipande cha silikoni. Elektroni zenyewe zinaweza kuwa na joto zaidi kwa sababu yako, kupitia mkondo unaousukuma. Kanuni salama ni voltiji ya waya mzima ibaki chini ya kT gawa kwa e. Kwenye kelvini 1 hiyo ni mikrovolti 86. Kwa omu 31,000, mkondo usizidi nanoampia 2.7, mimi ningeanza na 1 na kujaribu nusu yake nione kama jibu linabadilika. Kwenye kelvini 0.3 ruhusa yako ni nanoampia 0.8 tu.

Multimita ya kawaida, ile unayoipata Luthuli Avenue kwa bei nafuu, haifai hapa. Ikiwa kwenye kipimo cha omu inasukuma mikroampia kadhaa, mara elfu ya ruhusa yako. Na ukiigusisha kwenye geti, bamba la chuma lililo juu ya mfereji, bila kujitoa umeme tuli mwilini, oksaidi inatoboka na sampuli imekwisha. Tumia mkondo mdogo wa kupindapinda wa hezi kumi na kitu, pamoja na amplifaya inayosikiliza frikwensi hiyo moja pekee. Epuka hezi 50 na vizidisho vyake, maana stima yetu iko hapo.

Hatua ya 6: Leta sumaku

Hii ndiyo hatua inayotenganisha. Rudi Jeevanjee. Wale watu wawili wanaozunguka kwa pande tofauti walirudi wamelingana kwa sababu njia ni moja na hakuna kinachobagua upande. Uga wa sumaku unabagua. Anayezunguka kwa kulia anaongezewa fezi, anayezunguka kwa kushoto anapunguziwa kiasi hicho hicho. Wakirudi hawalingani tena, ule ujazo wa ziada unapotea, na ukinzani wa waya unashuka. Ukwamaji hafifu unafutwa na sumaku ndogo.

Ndogo kiasi gani? Kwa waya mwembamba ni kipeuo cha pili cha 3, mara ħ, gawa kwa chaji, upana na urefu wa kumbukumbu. Kwa upana wa nanomita 100 na kumbukumbu ya nanomita 200, unapata tesla 0.057. Sumaku nzuri ya spika inazidi hapo kwenye uso wake.

Fanya hivi. Shikilia halijoto isitikisike. Peleka uga polepole kutoka tesla −0.3 hadi +0.3, ukipita sifuri. Upitishaji utakuwa na bonde kali kwenye sifuri na kupanda pande zote mbili kwa ulinganifu. Ikiwa upande mmoja haufanani na wa pili, kagua nyaya za kupimia kabla ya fizikia. Kina cha bonde kinakupa urefu wa kumbukumbu: upitishaji uliopotea ni mikrosimensi 77.5 mara urefu wa kumbukumbu gawa kwa urefu wa waya. Kwa nanomita 200 ndani ya mikromita 2, hiyo ni mikrosimensi 7.7, kwenye waya ambao jumla yake ni 32. Huhitaji darubini kuiona. Upana wa bonde unakupa urefu huo huo kwa njia ya pili, na majibu mawili lazima yapatane. Yakikataa, jambo la kwanza la kushuku ni upana wa mfereji: umeme wa geti huubana, na mara nyingi ni mwembamba kuliko ulivyochorwa.

Juu ya bonde utaona vijikunjo visivyo na mpangilio, ambavyo hurudi vile vile kila ukipita. Usivifute ukidhani ni kelele. Ni alama ya kidole ya kasoro za waya huo mmoja. Ukitaka bonde safi, weka nyaya nyingi sambamba kwenye kipande kimoja ili vijikunjo vifutane.

Vipimo vya namna hii kwenye silikoni nyembamba vilifanywa mwaka 1982 na makundi zaidi ya moja nchini Marekani, likiwemo la Skocpol na wenzake waliofikia upana wa mikromita 0.1, na la Wheeler na wenzake. Makala zao ni fupi na bado zinasomeka vizuri.

Hatua ya 7: Kilichobaki ni kusukumana

Simamisha uga kwenye tesla 0.3 hivi, pale ambapo bonde limeisha. Sasa poza, ukipima upitishaji kwa kila halijoto. Ukwamaji hafifu umeuzima karibu wote, ila upitishaji bado utashuka unavyopoza. Huko ndiko kusukumana. Kwenye waya unafuata 1 gawa kwa kipeuo cha pili cha halijoto, na ukubwa wake ni karibu na mikrosimensi 38.7 mara urefu wa joto gawa kwa urefu wa waya. Kwenye kelvini 1 waya wetu ungepoteza takriban mikrosimensi 2.7.

Sumaku haiwezi kugusa sehemu hii mpaka nguvu yake juu ya spini, yaani usumaku mdogo wa elektroni yenyewe, ifikie kT. Kwa silikoni hiyo ni tesla 0.74 kwenye kelvini 1, na inapungua kadiri unavyopoza: kwenye kelvini 0.3 ni tesla 0.22. Kwa hiyo ukishuka chini sana punguza pia uga wako, la sivyo utaanza kuigusa spini ukidhani unagusa mizunguko.

Kwa nini usitumie halijoto peke yake, bila sumaku? Nilifanya hivyo nikiwa mwanafunzi. Nilipewa faili la vipimo vya nyaya nyembamba lisilo na hata mstari mmoja wa uga, nikachora, mstari ukanyooka kwa kipeo cha nusu, nikaandika kurasa arobaini kwamba ni kusukumana. Msimamizi wangu akasoma ukurasa wa kwanza, akauliza, "Na ukichora kwa theluthi?" Nilichora usiku ule. Ulinyooka vile vile. Urefu wa kumbukumbu, elektroni zinapoharibiana fezi zenyewe kwa zenyewe, hukua kwa 1 gawa kwa kipeuo cha tatu cha halijoto. Hilo lilielezwa na Altshuler, Aronov na Khmelnitsky mwaka 1982. Ukipoza kutoka kelvini 1.6 hadi 0.4, kusukumana kunazidi mara 2 na kukwama kunazidi mara 1.59. Ongeza makosa ya upimaji na hakuna jicho litakalozitofautisha. Kurasa zile arobaini nilizianza upya.

Hatua ya 8: Waya ukishavuka mpaka

Ukizidi kupoza, au ukipunguza elektroni kwa geti, urefu wa kumbukumbu utaufikia urefu wa kukwama, ule wa nusu mikromita hadi moja. Hapo fomula za hatua ya 6 na 7 zinakoma. Dalili yake ni rahisi: upitishaji uliopotea unakaribia upitishaji wote. Kuanzia hapo elektroni husafiri kwa kuruka kutoka kisiwa kimoja hadi kingine, ikisaidiwa na joto kidogo lililobaki, na unachora logi ya ukinzani dhidi ya 1 gawa kwa kipeuo cha pili cha halijoto.

Mstari ukinyooka, tulia. Mott alipata kipeo cha nusu kwa mstari mmoja bila kusukumana kokote. Efros na Shklovskii, mwaka 1975, walipata kipeo cha nusu kwa sababu ya kusukumana. Wale mapacha wamerudi, na safari hii sumaku ndogo haisaidii.

Kinachosaidia ni geti. Bamba la chuma lililo juu ya mfereji huakisi kila chaji kama kioo, na msukumo kati ya elektroni mbili zilizoachana zaidi ya karibu mara mbili ya unene wa oksaidi huzimika. Kwa hiyo kadiria kwanza mruko mmoja una urefu gani. Ikiwa ni nanomita 200 na oksaidi yako ina nanomita 20, msukumo wa masafa marefu umeshakatwa, na kipeo cha nusu unachokiona kina uwezekano mkubwa wa kuwa cha Mott. Ukiweza, tengeneza nyaya mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa unene wa oksaidi, uzipime siku moja kwenye kishikizi kimoja, nyaya kadhaa kwa kila unene kwa sababu ya yale uliyoyaona kwenye hatua ya 3. Mteremko ukibadilika pamoja na unene, elektroni zinasukumana. Usipobadilika, kila moja imekwama peke yake.